Muscat hadi Sur, na Vijana Kiti cha Nyuma

Watu wakiniuliza kuhusu safari yetu ya Oman huanza na bei ya tiketi. Mimi huanza na umri wa watoto. Kusafiri na mtoto wa miaka 6 ni kazi ya mikono: umbebe, umlishe, umlaze. Kijana wa miaka 17 anabeba begi lake na lako juu, ila uso wake wote unakwambia angependa kuwa kwingine. Wangu ni wawili, wa kiume huyo wa 17 na mdogo wake wa kike wa 14. Mume wangu ndiye aliyesema kwamba likizo ya Desemba, badala ya kwenda Muscat kwa wifi yangu kula na kulala, tukodi gari tuifuate pwani.

Desemba ndiyo yenyewe. Shule zetu zinafungwa Juni na Desemba, na Juni ya Muscat si ya mtu kutembea mchana. Joto linavuka nyuzi 40 na mawe yanachoma hata ukiwa na kandambili. Kuanzia Novemba hadi Machi hali ni nzuri, jioni unaweza hata kutaka kitenge cha kujifunika mabegani.

Mwanzoni kijana alitaka Salalah, kusini kabisa, karibu kilomita 1,000 kutoka Muscat. Nilikataa. Mtu mzima anaweza kukaa garini siku nzima akitazama jangwa na kumshukuru Mungu, lakini kijana akikaa saa tatu bila kitu cha kufanya ataanza ugomvi na dada yake, na ugomvi huo mtaula nao chakula cha jioni. Njia ya Muscat hadi Sur ina kilomita 200 hivi, lami safi, bahari kushoto na milima kulia, na kila baada ya muda mfupi kuna mahali pa kuingia majini. Ndiyo sababu tuliichagua. Sharti lilikuwa kwamba vituo wapange wao. Baba yao aendeshe, mimi nilipe, wao waamue tunasimama wapi na kwa muda gani. Vijana hawachoshwi na safari, wanachoshwa na kuburutwa.

Kukodi gari si kazi ngumu. Beba leseni ya nyumbani pamoja na kibali cha kimataifa, na kadi ya benki yenye salio la kutosha, maana kampuni huzuia amana mpaka gari lirudi. Gari dogo la kawaida linatosha kabisa kwa njia hii. La kuvuta kwa magurudumu yote manne linahitajika ukitaka kupanda Jebel Akhdar, ambako polisi huzuia magari mengine chini ya mlima. Oman wanaendesha kulia. Mume wangu, aliyezoea kushoto tangu ujana wake, kila akitaka kukata kona alikuwa anawasha waipa badala ya indiketa, jua kali, hakuna hata tone la mvua, na nyuma watu wanacheka hadi machozi. Mwendo wa mwisho barabara kuu ni kilomita 120 kwa saa na kamera ziko kila mahali. Petroli ni kama robo ya riali kwa lita, ambayo kwa Mtanga kama mimi ni bei ya kumfanya mtu ajaze tangi hata kama limejaa.

Muscat yenyewe sitaizungumzia sana. Mnatembea Mutrah jioni, mnaingia sokoni, mnanunua ubani na halua, basi. Kwangu mimi utamu wa Muscat ulikuwa sebuleni kwa wifi. Mama mkwe wake alizaliwa Unguja, akaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na kama wengi wa kizazi chake akajikuta Oman baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Wanangu walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama jirani wa mtaa wetu, akawafungia mandazi ya njiani. Kisha akanigeukia mimi: "Mwanangu, mkiwa wadini mkaona wingu limekaa mlimani, tokeni. Msingoje mvua iwafikie."

Alijua anachosema. Wadi ni bonde la mto ambalo muda mwingi ni kavu au lina vidimbwi tu, lakini mvua ikinyesha juu, hata mbali msikoiona, maji hushuka kwa ghafla na kubeba magari. Kila anayekwenda na watoto aangalie utabiri asubuhi ile ile.

Kituo cha kwanza walichochagua ni shimo la Bimmah, ndani ya bustani ya Hawiyat Najm. Wenyeji husimulia kwamba nyota ilianguka pale. Ukweli ni kwamba mwamba wa chokaa ulilika na maji chini kwa chini mpaka dari likaporomoka. Unashuka ngazi za zege, unakuta maji ya kijani na bluu, na visamaki vinavyokudonoa miguu. Binti yangu alipiga kelele, kisha akakataa kutoka.

Wadi Shab ndiko safari ilikobadilika. Unaegesha chini ya daraja la barabara kuu, unavushwa kwa mashua ndogo kwa riali moja kwenda na kurudi, kisha unatembea kwa miguu kama dakika 45 katikati ya kuta za mawe, ukipita mitende na migomba na mifereji ya kumwagilia iliyochongwa ubavuni mwa mwamba. Njia ikiisha, nguo na viatu vinabaki juu ya jiwe na mnaendelea kwa kuogelea, dimbwi hadi dimbwi. Binti alivaa suruali ya kubana na fulana ndefu, mavazi ya heshima kwa nchi ile na hayamsumbui mtu majini. Mwishoni kuna ufa mwembamba, kichwa tu ndicho kinachopita juu ya maji. Kaka mtu alisimama pale akiutazama. Dada yake hakungoja, akapita, na sauti yake ikarudi kutoka ndani ya mwamba: "Njoo! Kuna maporomoko!" Ndani ni pango, maji yanamwagika kutoka juu, na kamba imening'inia kwa wenye kutaka kupanda. Mimi nilibaki nje nikishikilia simu zao. Kwa saa nzima hakuna aliyeziulizia.

Baada ya hapo nilitegemea waruke Qalhat, maana ni magofu. Mji ule wa kale uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2018, na kinachosimama zaidi ni kaburi la Bibi Maryam. Kilichowavuta ni msafiri wa zamani, Ibn Battuta. Shuleni walishamsoma kwa habari ya Kilwa, alikofika mwaka 1331. Nikawaambia kwamba huyo huyo, alipoteremka Sur, aliuona mji wa Qalhat akadhani uko karibu, akaenda kwa miguu, na mtu aliyemchukua amwongoze njia akawa anataka kumwibia nguo zake. Alifika miguu imevimba. Kijana akafungua ramani: kilomita 20 na ushei. "Huyu mzee hakuwa na akili," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anasoma kibao cha maelezo mpaka mwisho.

Sur ni mji wa majahazi. Kiwanda cha kuunda vyombo vya mbao kipo bado, harufu ya msaji inakupokea mlangoni. Ufukweni limewekwa Fatah al-Khair, jahazi lililoundwa papo hapo Sur mwaka 1951, likauzwa Yemen, kisha wenyeji wakachanga fedha wakalinunua tena. Vyombo vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa vikishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja, na kurudi na kusi. Mume wangu angekaa pale hadi usiku. Wenye ratiba walimpa nusu saa.

Usiku ulikuwa wa Ras al Jinz, hifadhi ya kasa iliyo chini ya saa moja kutoka Sur. Nafasi huwekwa mapema, na mnakwenda na mwongozaji. Desemba si msimu wao mkubwa, ila tulibahatika. Simu na tochi marufuku, kwa sababu mwanga humfanya kasa arudi baharini bila kutaga. Mnakaribia kwa nyuma. Kasa mkubwa alikuwa amejichimbia, akiachia mayai meupe kama mipira ya tenisi ya mezani, na alipomaliza akaanza kutupa mchanga kwa nguvu, ukatuingia machoni. Mwongozaji alieleza kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: ukiwa wa moto zaidi hutoka majike. Binti akauliza itakuwaje dunia ikizidi kuwa na joto. Akajibiwa kwamba huenda madume wakawa haba. Swali hilo lilijadiliwa garini njia nzima ya kurudi, hawakugombana hata kidogo.

Sasa Salalah imerudi mezani. Hoja yao wameipanga vizuri: kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba kule kuna khareef, ukungu na manyunyu, milima inakuwa kijani, na madafu, mapapai na ndizi vinauzwa kando ya barabara, wakati Muscat inaungua. Mwisho wa likizo ya Juni unaangukia hapo hapo. Mimi nimesema tukienda, tutapanda ndege hadi Salalah na gari tukodi huko huko, tuzunguke Mirbat na magofu ya Al Baleed kwa safari fupi fupi. Kijana anapinga. Anataka barabara nzima ya pwani, na anadai atakuwa na leseni, hivyo watapokezana na baba yake. Nimemkumbusha kwamba kampuni za kukodi magari kwa kawaida zinataka dereva wa miaka 21. Ameniambia basi tungoje.