Mteremko Hauondoki, Huhamishwa

Viwanja vya tambarare katika upande wa bara wa Mombasa vinazidi kuadimika. Kinachobaki kwa mtu wa mshahara wa kadiri, aghalabu, ni kipande cha ardhi kinachoshuka kuelekea majini: Changamwe juu ya hori la Port Reitz, Kisauni juu ya hori la Tudor, au Likoni, ng'ambo ya Kilindini. Na desturi iliyoenea ya kukikabili kiwanja cha namna hiyo ni moja. Huitwa tingatinga, mlima ukakatwa, kifusi kikasukumwa chini, kisha ikasimamishwa nyumba ile ile iliyochorwa kwa ajili ya uwanda. Naona kwamba desturi hiyo ni ghali, ni ya hatari, na zaidi ya yote inavunja ujirani mwema.

Nina kiwanja cha aina hiyo Changamwe. Urefu wake ni futi 100, na kutoka barabarani hadi mpaka wa chini kinashuka futi 12. Ramani ya kwanza niliyoletewa ilikuwa ya nyumba ya kawaida yenye sakafu moja. Hesabu yake ni nyepesi. Ukisawazisha kiwanja kizima kwa kukata juu na kujaza chini, unapata ukuta wa udongo wa futi 6 upande wa barabara na kifusi cha futi 6 mpakani, kikimwinamia jirani. Mzee mmoja, fundi mwashi wa miaka mingi, aliitazama ramani hiyo akanirudishia. "Mwalimu," akasema, "mteremko hauondoki. Wewe wauhamisha tu, wampelekea aliye chini."

Kauli hiyo ina elimu ndani yake. Changamwe haikukaa juu ya matumbawe kama ukanda ulio karibu na bahari. Chini yake mna mwamba laini wa matope yaliyogandamana tangu enzi za kale. Matumbawe hunywa maji. Udongo utokanao na mwamba huu hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Kifusi kilichomwagwa juu yake hakishikamani na kitu. Masika yakishika kasi mwezi wa Mei, maji hujipenyeza kati ya udongo wa zamani na ule uliojazwa, na hapo ndipo kuta hupasuka. Mvua za El Nino za mwaka 1997, na zile za Novemba 2023, zilitukumbusha kwamba maji hayasomi hatimiliki.

Nyumba inayofaa mahali hapo ni ile inayoshuka pamoja na ardhi. Tuseme ina urefu wa futi 60, nayo imegawanywa katika viwango vitatu vya futi 20 kila kimoja. Kati ya kiwango na kiwango panahitajika vidato vinne tu, kila kimoja inchi saba na ushei. Basi hakuna mahali pa kukata wala kujaza zaidi ya futi moja na inchi chache. Msingi nao hushuka kwa vidato, kila kimoja kikikaa juu ya ardhi ambayo haikuchimbuliwa. Kuta za kuzuia udongo huwa fupi, zenye matundu ya kutolea maji. Maji ya paa huingia birikani, ziada ikafuata mtaro. Na kwa kuwa kila kiwango kimezidi kile kilicho chini yake, upepo wa bahari huingia vyumba vyote bila kuzuiwa.

Watu huiita nyumba kama hiyo kituko. Hata lugha yetu huonekana kuikataa. Kwa Kiarabu, ghurfa ni chumba, na tangu zamani pia chumba cha juu; sisi tuliolikopa neno tulikishika kimo hicho, na leo ghorofa hupandwa. Katika nyumba ya mteremko mtu huingia kwa juu, akashuka kwenda kulala. Lakini wenzetu wa Lamu walikwisha kuyatia maneno ya viwango ndani ya nyumba. Katika nyumba zao za mawe kuna msana wa tini na msana wa yuu, kila ukumbi wa ndani ukiinuliwa kidogo kuliko ule wa nje. Na huko Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, jumba la Husuni Kubwa, linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331, lilijengwa juu ya rasi ya mwamba. Lina vyumba zaidi ya mia moja, uwanja wenye madaraja, na ngazi ziteremkazo hadi ufuoni. Waashi wa karne ya 14 waliufuata mwamba. Ugeni, basi, uko katika tingatinga.

Zipo hoja za upinzani. Ya kwanza ni ya wazee, nayo ina uzito: mama mwenye magoti mabovu hawezi kupanda na kushuka kutwa. Jawabu ni kuweka chumba chake, sebule, jiko na choo katika kiwango cha barabara, ngazi wakaachiwa vijana. Ya pili ni gharama. Ni kweli kwamba msingi wa vidato huhitaji fundi hodari na siku zaidi. Lakini weka kando yake kodi ya tingatinga, malori ya kifusi na ukuta wa futi 6, ndipo uamue.

Ningependa wanaoidhinisha ramani katika Kaunti ya Mombasa wamtake kila mjenzi wa mteremkoni aonyeshe mambo mawili: kimo cha kiwanja cha jirani wa chini, na mahali maji yatakapotokea. Ramani isiyojibu hayo irudishwe kwa mwenyewe. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Huku kwetu kwenye miteremko, wema wa nyumba na uulizwe kwa yule anayelala chini yake usiku wa mvua.