Kulegeza mwili kabla ya kuanguka

(Muziki unashuka)

Leo tunasema na nyinyi mnaojifunza judo, na hasa kaka na dada mnaowafundisha wenzenu.

Mwalimu husema, "Legeza mwili!" Mwanafunzi akisikia hivyo hukaza zaidi. Si ukaidi. Mwili uliozoea kukaa tayari kukimbia haujui kwamba umekaza. Mabega yamepanda, meno yameumana, na mwenyewe anaapa ametulia. Wengi wetu tunaijua hali hiyo hata usiku.

Kwa hiyo, mwalimu, anza na kukaza. Njia hii aliieleza daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, katika kitabu chake cha mwaka 1929. Jaribu hapo ulipo. Kunja ngumi, kaza, hesabu hadi tano. Sasa achia huku ukitoa pumzi polepole. Umeisikia tofauti? Fanya hivyo kwa mabega, kisha taya. Penye jeraha, pavuke.

Halafu wawili wawili. Inua mkono wa mwenzako, uuachie ghafla. Ukidondoka kama kanga mbichi, umelegea. Ukibaki hewani kama tawi, bado, chekeni, mrudie. Lakini mwombe ruhusa kwanza. Wapo kati yetu waliowahi kushikwa kwa nguvu, na akisema hapana, basi afanye peke yake.

Judo ilianzishwa na Jigoro Kano huko Tokyo mwaka 1882, na "ju" maana yake ni ulaini. Mkono uliokakamaa ni mpini: mpinzani akiusukuma, mwili wote unafuata. Na ukitupwa umekakamaa, utanyoosha mkono kujizuia, uzito wote uishie kwenye kifundo au mtulinga. Ndiyo maana wanajudo hufundishwa kuanguka mapema kabisa: kidevu kifuani, pumzi nje, mkono mzima upige mkeka. Miguu na tumbo havilegei ovyo; vinakushikilia.

Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu, alitenganishwa na familia yake na vita akiwa mtoto, akajifunza judo Kinshasa. Mwaka 2016 alishinda pambano lake la kwanza la Olimpiki mjini Rio, akiwa katika timu ya wakimbizi.

Kuanguka msijaribu kwenye changarawe. Subirini mkeka na mwalimu. Ngumi na mabega, hata usiku huu kabla ya kulala.

(Muziki unapanda)