Pete ya Alizeti na Chungu cha Maharage

Mwaka 1994, katika kambi ya Benaco, kata ya Kasulo wilayani Ngara, wakimbizi kutoka Rwanda walipewa maharage huku kuni zikiadimika. Adha hiyo ilikuwa pia na upande wa kikemia. Maharage mabichi yana protini ndogo zinazozuia tripsini, kimeng'enya cha kongosho kinachokata protini za chakula katika utumbo mwembamba. Harage lisiloiva humnyima mlaji sehemu ya lishe aliyokwisha kuimeza; likichemshwa hadi likaiva, vizuizi hivyo huharibika kwa kiasi kikubwa.

Mbegu ya alizeti ina kizuizi kinachofanana navyo, ila kidogo mno: peptidi ya amino asidi 14 tu, iliyoelezwa mwaka 1999. Ncha zake mbili zimeungana zikafanya pete, na daraja la salfa huikaza katikati. Amino asidi moja, laisini, huingia katika mfuko wa tripsini kama ufunguo unaokwama kufulini. Vimeng'enya vinavyotafuna protini kuanzia nchani havipati pa kuanzia. Uimara huo, kuliko hata nguvu yake ya kuzuia, ndio uwavutiao watafiti wa dawa: wakibadili amino asidi chache, pete hiyo huweza kuelekezwa kwa matriptasi, kimeng'enya kinachohusishwa na kuenea kwa saratani.