Babu bado anauita Independensi: Jumapili moja katika Barabara ya Samora

Kwa watoto wengi wa Dar es Salaam wa leo, kwenda mjini maana yake ni Mlimani City, au Kariakoo kununua sare za shule. Wangu wawili, mmoja ana miaka 13 na mwingine 9, walikuwa wameipita Barabara ya Samora wakiwa ndani ya gari tu. Jumapili iliyopita tuliwatembeza kwa miguu, na kiongozi wa msafara alikuwa babu yao, baba yangu, mwenye miaka 78.

Haikuwa rahisi kumtoa nyumbani. "Nikaangalie nini? Independensi yenyewe haipo," alisema. Baba hajawahi kuuita mtaa huo Samora. Alianza ukarani pale miaka ya sabini, kwenye shirika moja la umma ambalo nalo halipo tena.

Tulianzia Mnara wa Saa, uliojengwa kuadhimisha Dar es Salaam kupata hadhi ya jiji Desemba 1961. Hapo ndipo mdogo alipouliza kwa nini mtaa mmoja una majina mengi. Wajerumani waliuita Unter den Akazien, yaani chini ya mikakaya. Waingereza wakaja wakauita Acacia Avenue, miti ile ile kwa lugha nyingine. Uhuru ulipopatikana ukawa Independence Avenue, na baadaye ukapewa jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1986. Chama chake, FRELIMO, kiliundwa hapa hapa Dar mwaka 1962, kwa hiyo jina hilo halikutoka mbali.

Ukitembea na watoto, waambie wainue macho. Chini ni vibao vya simu, miwani na benki. Juu ndiko ziliko roshani za zamani na nakshi zilizofifia. Nyingi za nyumba hizi zilijengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Baba anakumbuka siku zile. "Leo mwenye nyumba ni jirani yako, kesho ni mpangaji wa Msajili kama wewe." Hakusema ilikuwa vizuri au vibaya. Miaka ya themanini ikaja na uhaba, na mimi ninayoikumbuka ni madirisha ya maduka yasiyokuwa na kitu ndani zaidi ya picha ya Rais. Baadaye biashara ikarudi, lakini sehemu kubwa ikaenda Kariakoo. Halafu tangu 2016 wizara zikaanza kuhamia Dodoma, na mwaka 2021 machinga wakaondolewa kandokando ya barabara. Mtaa ukawa msafi, na mimi nikakosa mahali pa kununua karanga.

Ilipokuwa ofisi ya baba pana ghorofa la vioo. Alisimama, akavuka barabara, akarudi. Mlinzi alimwamkia, "Shikamoo mzee, unatafuta nani?" Baba akaitikia marahaba, akamwambia hatafuti mtu. Kisha akasogea hadi kona ya kichochoro kinachoshuka baharini, akavua kofia. "Ni hapa. Upepo wa bandarini ulikuwa unaingia dirishani kwetu namna hii."

Tulipofika kwenye sanamu ya Askari, watoto walikuwa wameanza kulalamika miguu. (Bebeni maji. Jumapili magari ni machache, lakini maduka mengi yamefungwa.) Kabla ya huyu palikuwa na sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeuzima upinzani wa Abushiri bin Salim hapa pwani. Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji, ikaishia Hamburg, na wanafunzi wa huko wakaiangusha mwaka 1968. Askari wa shaba alisimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na wale waliobeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Niliwaeleza watoto kwamba jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

"Huyu anaitwa nani?" mdogo aliuliza.

Nikamwambia hana jina, anawakilisha wote. Baba alikuwa kimya. Kisha akasema, kana kwamba anaendeleza maneno yangu, "Babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo. Baba yangu alikuwa bado ananyonya. Hakurudi, na kaburi lake hatulijui."

Nina miaka 46 na sikuwahi kulisikia hilo. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba alipita hapa kila siku kwa miaka mingi akienda kazini, na hakuna aliyemuuliza huyu askari ni nani.

Mbele kidogo ni Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Jirani yake ni Makumbusho ya Taifa, ambako habari ya Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, ilimfurahisha mkubwa kuliko mtaa wote. Mdogo hakuangalia mafuvu. Alikaa na babu yake kwenye benchi bustanini.

Usiku, nikikagua daftari lake la hisabati, nilikuta nyuma kabisa ameandika kwa penseli majina manne ya ukoo wetu, moja chini ya jingine. La mwisho lilikuwa la yule mpagazi. Alikuwa amekosea herufi moja, nikamwita baba aje aisahihishe.