‘Chakula kibaya’ si ‘mtoto mbaya’

Mtoto huambiwa asinywe soda kwa sababu ni mbaya. Dakika chache baadaye huyo huyo huambiwa kuwa kumpiga mdogo wake ni tabia mbaya. Neno ni lile lile, ila mambo mawili hayo hayafanani.

Kiswahili hutenganisha mambo haya vizuri pale kinaposifu. Mtu mwenye utu huitwa mwema, na mwenendo wake huitwa tabia njema. Hakuna anayesema wali mwema. Wali ni mtamu au mzuri. Kwenye lawama, hata hivyo, neno ‘baya’ hubeba yote: mchuzi uliozidi chumvi, nyama iliyooza na jirani mkorofi.

Mtu mzima huelewa tofauti kutokana na mazungumzo yenyewe. Mtoto bado anajifunza. Akiambiwa kila siku kuwa chipsi ni mbaya, kisha akazila kwa hamu nyumbani kwa rafiki yake, anaweza kujiona mkosaji na kuanza kula kwa kujificha.

Lipo pia neno linalouma zaidi: ‘chakula cha kimaskini’. Dagaa, dona na mlenda hutajwa hivyo, na hapo anayehukumiwa ni mlaji. Mtoto aliyefungiwa dagaa kwenda nao shuleni, wenzake wakimcheka, huona aibu kwa ajili ya nyumbani kwao. Ilhali dagaa huliwa na mifupa yake, hivyo huupa mwili madini mengi ya kalsiamu. Dona nayo hubaki na pumba na kiini cha mahindi, vitu ambavyo sembe huvipoteza mashineni wakati wa kukoboa.

Hii haina maana wazazi wanyamaze. Anayemaliza nyama yote kabla wenzake hawajanawa mikono anastahili kuambiwa ana uroho, kwani kinachokemewa ni kutowajali wengine. Lakini kinapozungumziwa chakula chenyewe, ni vyema sababu itajwe. Soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, kiasi cha vijiko saba vya chai. Mtoto akionyeshwa vijiko hivyo, anaelewa kwa nini soda si ya kila siku. Akiambiwa tu ‘mbaya’, anabaki kukisia kama kibaya ni kinywaji au ni yeye.