Rekodi ya Dereva Imehifadhiwa Wapi? Mwongozo wa Kufuatilia Makosa ya Trafiki Migori na Homa Bay

Utangulizi

Barabara kuu inayoanzia mpakani Isebania hupita katika miji ya Migori, Awendo na Rongo, ikaingia Kisii, kisha ikapita Oyugis katika Kaunti ya Homa Bay na kuelekea Ahero. Katika barabara hiyo, na katika ile inayochepuka Rongo kwenda Homa Bay hadi Mbita, dereva wa matatu, dereva wa lori la miwa na mwendeshaji wa bodaboda husimamishwa na askari wa trafiki, huandikiwa kosa, hulipa faini, kisha hurudi kazini. Kwa wengi habari huishia hapo. Maandishi yaliyobaki nyuma, hata hivyo, huendelea kuishi. Yanaweza kutakiwa siku mwajiri anapouliza, kampuni ya bima inapodai maelezo, au dereva anapotuhumiwa kwamba hakulipa faini ambayo aliilipa.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanaeleza mahali rekodi hizo zinakohifadhiwa na namna mwananchi anavyoweza kuzipata. Pili, yanaonyesha kwamba suala hili, ambalo kwa juu juu ni la wanasheria na polisi, ni suala la lugha pia, na kwa hiyo linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Rekodi Moja, Makabati Manne

Wapo wanaodhani kwamba rekodi ya dereva ni faili moja iliyofungiwa katika ofisi moja jijini Nairobi. Ukweli ni kwamba imegawanyika katika makabati manne, na kila kabati lina ufunguo wake.

Kabati la kwanza ni kituo cha polisi. Dereva akikamatwa au akihusika katika ajali, tukio huandikwa katika kitabu cha matukio na kupewa nambari, ile ambayo watu huiita nambari ya OB. Nambari hiyo pamoja na tarehe ndiyo ufunguo. Asiyekuwa nayo hulazimika kumwomba afisa apekue kurasa nyingi, na si ajabu akaambiwa arudi kesho. Kwa makosa madogo, Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016 zinampa askari uwezo wa kumpa dereva ilani inayotaja kosa na faini yake. Kwa mfano, kutumia simu gari likiwa katika mwendo ni shilingi 2,000. Kushindwa kuonyesha leseni inapodaiwa ni shilingi 1,000. Na kuzidisha kasi iliyowekwa kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa ni shilingi 10,000. Ilani hiyo na stakabadhi ya malipo ni rekodi kamili. Fedha zilizotolewa kando ya barabara bila stakabadhi hazina rekodi yoyote. Machoni pa sheria ni kama hazikulipwa.

Kabati la pili ni masjala ya mahakama. Mashtaka ya trafiki husikizwa na mahakama za hakimu, nazo katika eneo hili ziko Migori, Rongo, Kehancha, Homa Bay, Oyugis, Ndhiwa na Mbita. Ufunguo wa hapa ni nambari ya kesi na mwaka wake. Nambari ya OB haitoshi. Asiyeijua nambari ya kesi aende na jina lake kamili, nambari ya kitambulisho na tarehe aliyofikishwa mahakamani. Mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya kielektroniki, ulioanzishwa Nairobi mwaka 2020, ulizinduliwa kwa mahakama zote nchini mwezi Machi 2024. Kwa hiyo kesi za miaka ya karibuni hutafutwa katika kompyuta, ilhali za zamani zimo katika majalada ya karatasi. Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi yake baada ya kesi kumalizika, kwa kulipa ada ya kadiri.

Kabati la tatu ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, ambayo wengi huijua kwa ufupisho wa NTSA. Hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Dereva hufungua akaunti yake kupitia eCitizen, akaona leseni yake, aina za magari anazoruhusiwa kuendesha, tarehe ya leseni kuisha, pamoja na magari yaliyosajiliwa kwa jina lake. Asiye na intaneti anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre zilizoko Migori na Homa Bay. Ikumbukwe kwamba akaunti hii inaeleza hali ya leseni. Mtu anayetafuta hukumu hana budi kurudi kwenye kabati la pili.

Kabati la nne ni Idara ya Upelelezi wa Jinai, inayotoa cheti cha nidhamu njema baada ya kuchukua alama za vidole. Madereva wa magari ya abiria hudaiwa cheti hiki mara kwa mara, na hivyo wengi hukichanganya na rekodi ya udereva. Cheti hiki hujibu swali la rekodi ya jinai. Hakimwelezi mwajiri jinsi mtu anavyoendesha gari.

Maneno Mawili Yenye Uzito

Tukigeukia lugha, tunakuta hali ya kushangaza. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 198, inasema kwamba lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Hata hivyo, ilani, hati ya mashtaka na mwenendo wa kesi huandikwa kwa Kiingereza kwa kawaida. Kiswahili husikika mahakamani, lakini hakibaki katika jalada.

Tazama kinachotokea dereva anaposomewa shtaka. Karani hulieleza kwa Kiswahili, na dereva hujibu: "Ni kweli." Hakimu hulitafsiri jibu hilo na kuliandika kwa Kiingereza. Dereva aliyekusudia kusema kwamba ni kweli alikuwa barabarani siku ile amekwisha kuandikwa kuwa amekiri kosa. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba shtaka lielezwe katika lugha anayoielewa mshtakiwa, na jibu lake liandikwe kwa karibu iwezekanavyo na maneno aliyoyatamka. Sababu ya uangalifu huo ni wazi. Kwa mujibu wa kifungu cha 348 cha sheria tuliyoitaja, aliyekiri kosa hawezi kukata rufani kuipinga hatia yenyewe. Anaweza tu kupinga kiwango au uhalali wa adhabu. Nayo rufani ina muda wa siku 14.

Tusisahau pia kwamba Migori na Homa Bay ni nchi ya Dholuo na, upande wa Kehancha, Igikuria. Kwa madereva wengi Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Katiba inamruhusu mshtakiwa kupata mkalimani bila malipo. Haki hiyo inafaa idaiwe kabla ya kujibu shtaka, kwa kuwa baada ya "Ni kweli" mlango huwa umekwisha kufungwa nusu.

Barua ya Kiswahili ni Halali

Je, ofisi ikikataa kutoa maelezo, mwananchi afanye nini? Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inatamka wazi katika kifungu cha 8 kwamba ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kwamba asiyejua kuandika asaidiwe na afisa husika. Ofisi inapaswa kujibu katika muda wa siku 21, na katika saa 48 iwapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Asiyeridhika hupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Akiikuta rekodi yake ina kosa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kudai isahihishwe.

Barua yenyewe haihitaji madoido. Yatosha kuandika hivi: "Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ninaomba nakala ya rekodi inayohusu kosa la trafiki nililoandikiwa tarehe fulani, mahali fulani, nikiendesha gari lenye nambari fulani." Kisha yafuate jina, nambari ya kitambulisho, na nambari ya OB au ya kesi. Mwandishi abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa.

Ng'ambo ya Mpaka

Dereva wa Isebania akivuka kuingia Sirari, Tanzania, anaikuta hali tofauti. Jeshi la Polisi la nchi hiyo lina mfumo wa mtandaoni ambapo mtu huingiza nambari ya gari au ya leseni na kuona faini anazodaiwa. Aidha, mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hatudai kwamba kila jambo huko limenyooka, ila mfano huo unathibitisha kwamba istilahi zipo na zinatumika kila siku. Hoja kuwa Kiswahili hakina maneno ya kubebea hati ya mashtaka haina mashiko.

Hitimisho

Tumeona kwamba rekodi ya dereva imetawanyika katika ofisi nne, na kwamba anayehifadhi stakabadhi, nambari ya OB na nambari ya kesi ameshika funguo zote. Tumeona pia kwamba sheria imekwisha kumfungulia mlango anayetaka kuuliza kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Rongo kiko Migori, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kiko Homa Bay. Wanafunzi wa Kiswahili walio karibu na stendi za matatu za miji hiyo wanaweza kutafsiri ilani ya kosa na hati ya mashtaka, na kuwafundisha madereva kuandika barua ya kurasa moja. Kazi hiyo itamfaa dereva anayetaka kujua ameandikwa nini, na itaipa istilahi yetu uwanja wa kufanyia kazi nje ya darasa.