Vita isimame wajisalimishe, ama wafuatwe huko huko? (Uzi)

Uzi. Huu ni mrefu kidogo, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

Wiki jana nilikuwa stegi ya boda hapa Matulo nikingoja matatu ya Kitale. Redio ya duka ilikuwa inasema mifugo imeibwa tena huko Kaskazini mwa Bonde la Ufa, na mjadala ukaanza. Jamaa mmoja akasema serikali isimamishe operesheni wiki mbili, wale wanaotaka kutoka msituni watoke. Mwingine akamjibu papo hapo: "Ukimpa mwizi wiki mbili, umempa wiki mbili za kuficha ng'ombe." Watu wakacheka. Mzee mmoja akanigeukia: "Kijana, si wewe unasomea hizi siasa? Tuambie." Nikatoa jibu la haraka haraka, halafu matatu ikafika. Hapa ndipo najibu vizuri.

Kama kawaida ya huu uzi: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukileta hayo kwa komenti nitafuta.

Tuanze na maneno, kwa sababu kwa mikutano ya hadhara yanachanganywa sana. Kusimamisha operesheni ni wanajeshi kutulia mahali walipo kwa muda. Makataa ni kusema "mna siku kadhaa, baadaye tunakuja." Msamaha ni kusema "ukija hutashtakiwa." Kiongozi anaweza kutoa moja bila nyingine, na mara nyingi anatoa makataa peke yake huku umati ukisikia msamaha.

Kuna kitu cha nne ambacho hakuna mtu hukitaja. Kujisalimisha hakuhitaji ruhusa ya mtu. Mikataba ya Geneva ya 1949, ambayo Kenya iko ndani yake, inasema mpiganaji aliyeweka silaha chini hauawi wala hateswi, hata kama vita vya nchi ni vya ndani kwa ndani. Kwa hivyo kisheria mlango uko wazi kila siku, hata risasi zikilia. Swali la kweli ni kama mtu anaweza kuufikia huo mlango akiwa hai, na nani anamngoja upande ule mwingine.

Sisi wa Bungoma na Trans Nzoia hatuhitaji mfano wa mbali. Asubuhi ikiwa safi, Mlima Elgon unaonekana kutoka hapa nyumbani. Ugomvi wa mashamba ya Chebyuk, hasa ugawaji wa awamu ya tatu, ndio uliozaa kundi la Sabaot Land Defence Force mwaka wa 2006 hivi. Walianza kama watetezi wa ardhi. Haikuchukua muda wakawa wanatoza watu ushuru, wanawakata masikio, wanawaua majirani na hata watu wa jamii yao wenyewe. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu zaidi ya watu 600 waliouawa na kundi hilo kufikia 2008. Makumi ya maelfu walihama, wengi wakashuka Cheptais, Chwele, Kimilili, Bungoma na Kitale.

Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha. Na nisiwadanganye: watu wengi walishangilia. Watu walikuwa wamechoka. Polisi walikuwa wamejaribu bila kufaulu, na ndani ya miezi michache jeshi likawa limelivunja kundi. Kiongozi wake wa kivita, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei mwaka huo huo. Watu walirudi mashambani. Anayesema nguvu haisaidii chochote aende Kopsiro aulize.

Lakini aulize pia jinsi ilivyofanyika. Wanaume na vijana walikusanywa kijiji kwa kijiji, wakapelekwa kambi ya jeshi ya Kapkota, wakachujwa huko kwa msaada wa watoa habari. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika kuhusu mateso makubwa, jeshi lilikanusha. Mamia walifikishwa kortini. Zaidi ya watu 300 hawajulikani walipo mpaka leo, wengine walichukuliwa na wanamgambo, wengine na wanajeshi. Kesi ya zaidi ya Wakenya 3,000 waliodaiwa kuteswa ilifika hadi Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, na mwaka wa 2012 kitengo cha rufaa kikaitupa kwa sababu ilipelekwa ikiwa imechelewa. Sheria ya mahakama hiyo inatoa miezi miwili tu. Fikiria umetoka kambini mgongo umeharibika, halafu unatakiwa kuwahi Arusha ndani ya miezi miwili.

Kuna mama mmoja hapa kwetu aliyeshuka kutoka mlimani wakati huo akiwa na watoto wadogo na hakurudi tena. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka minne, kwa hivyo hii yote nimeisikia na kuisoma, sikuiona. Nilimuuliza kama kakake, aliyekuwa ameingizwa kwa kundi kwa nguvu, angejisalimisha kama jeshi lingesimama wiki moja. Akaniuliza, "Angejisalimisha kwa nani?"

Nimezunguka na hilo swali tangu siku hiyo. Mwenye bunduki angeuawa na wenzake kama wangejua anatoroka. Akishuka barabarani, wanajeshi wanaona mwanaume wa mlimani tu, na kila mwanaume wa mlimani alikuwa mshukiwa. Hakukuwa na tofauti kati ya aliyekuja mwenyewe na aliyekamatwa. Katika hali hiyo, hata ungesimamisha operesheni mwezi mzima, hakuna aliye na akili timamu angetoka.

Sasa tuende upande wa wale wanaosema kusimama ni kumpa adui nafasi. Wana ushahidi mzuri na ni vibaya kuwacheka. Mashariki mwa Congo, Julai 2014, nchi za Maziwa Makuu na za kusini mwa Afrika zililipa kundi la FDLR miezi sita kuweka silaha chini, hadi tarehe 2 Januari 2015. Miezi sita! Waliojitokeza walikuwa kama 300 hivi, kati ya kikosi kilichokadiriwa kuwa na zaidi ya 1,000. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi hilo lina mazoea ya kutumia vipindi vya utulivu kujijenga upya. Hapo jamaa wa stegi alikuwa sahihi kabisa: ng'ombe walifichwa.

Uganda ndiyo inayonivutia zaidi kwa sababu ilijaribu karibu kila kitu. Mwanzoni mwa 1994 mazungumzo na waasi wa LRA yalikuwa yamefika mahali pazuri; waziri aliyeyaongoza alikuwa amekutana na Joseph Kony ana kwa ana huko porini. Februari, rais akatoa makataa ya siku saba. Serikali ilishuku kwamba Kony alikuwa ananunua wakati huku akitafuta silaha Sudan, na huenda haikukosea. Siku saba zikaisha, hakuna aliyetoka, na vita vikaendelea kaskazini mwa Uganda kwa miaka zaidi ya kumi.

Agosti 2006 wakasimama tena, safari hii kwa mkataba ulioandikwa kule Juba, na sehemu maalum za waasi kukusanyika, moja ikiitwa Ri-Kwangba mpakani mwa Sudan na Congo. Kony hakuwahi kusaini mkataba wa mwisho. Ukiangalia hapo tu utasema ni hasara. Lakini angalia raia. Watu wa Acholi waliokuwa wamerundikwa kambini kwa miaka walianza kurudi makwao, kulima, kujenga. Huo utulivu haukuwaleta makamanda nyumbani, uliwaleta wakulima. Sijasikia mwanasiasa yeyote akilihesabu hilo anapopiga hesabu za faida na hasara.

Halafu Desemba 14, 2008, mazungumzo yakiwa yamekwama, ndege za Uganda zikashambulia kambi za LRA huko Congo. Hakuna aliyekuwa amepanga kuwalinda wanakijiji wa karibu. Krismasi hiyo na siku zilizofuata, LRA iliua zaidi ya watu 600 kaskazini mashariki mwa Congo. Kwa hivyo kusimama kuna gharama, na kuacha kusimama bila mpango kuna gharama pia, na gharama zote mbili hulipwa na mtu ambaye hakuwa mezani.

Sasa hii ndiyo sehemu ninayotaka wale wa pande zote mbili wasome mara mbili. Kilichowatoa watu wengi zaidi msituni Uganda hakikuwa mojawapo ya hivyo viwili. Ilikuwa Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Zaidi ya watu 26,000 kutoka makundi mbalimbali walipata msamaha chini yake, karibu nusu wakiwa wa LRA. Wengi wao walitoka vita vikiendelea. Hakuna aliyesimamisha kitu. Kulikuwa na sheria iliyopita bungeni, tume yenye ofisi, cheti unachopewa mkononi, na redio. Mega FM ya Gulu ilikuwa na kipindi kinachoitwa Dwog Cen Paco, yaani rudi nyumbani, ambapo waliotoka walikuwa wanaongea hewani. Aliye porini anasikia sauti ya mtu anayemjua, aliyedhaniwa ameuawa na jeshi, kumbe yuko hai Gulu anacheka na mtangazaji. Sauti kama hiyo inafanya kazi kuliko makataa kumi.

Turudi kwetu. Februari 2023 serikali ilipotuma jeshi kusaidia polisi katika Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Laikipia na Samburu, ilitoa siku tatu za kurudisha bunduki haramu. Siku tatu. Kuna watu huko ambao kutembea hadi kituo cha polisi ni siku nzima, na habari yenyewe inafika ikiwa imechelewa. Ukiwa na bunduki moja inayolinda mbuzi wa baba yako, na unajua jirani upande ule hajarudisha yake, utaenda?

Hilo la jirani si kisingizio. Karamoja, ng'ambo ya mpaka, watu walirudisha maelfu ya bunduki kwa hiari mwishoni mwa 2001 na mwanzoni mwa 2002, wakaahidiwa plau za ng'ombe na ulinzi. Kisha jeshi likahamishwa kwenda kupigana na LRA. Waliorudisha bunduki wakavamiwa na ambao hawakurudisha, na wavamizi wengine walitoka upande wetu wa Kenya. Walichofanya baadaye unakijua: walinunua bunduki nyingine. Kwa hivyo mtu wa Pokot au Turkana anaposita, ana historia kichwani, hata kama haijaandikwa kitabuni.

Na msamaha wenyewe, hapa Kenya nani anaweza kuutoa? Kipengele cha 133 cha Katiba kinampa rais uwezo wa kusamehe, lakini ni kwa mtu ambaye ameshahukumiwa, tena kwa ushauri wa kamati. Kipengele cha 157 kinasema Mkurugenzi wa Mashtaka hapokei amri ya mtu yeyote. Sasa waziri akisimama jukwaani aseme "rudisheni bunduki, hakuna atakayewagusa," amewaahidi kitu kisicho chake. Anaweza kuwa na nia nzuri kabisa. Lakini mkuu wa mashtaka anaweza kufungua faili kesho yake na hakuna sheria imevunjwa. Vijana waliorudi kutoka kwa Al-Shabaab baada ya msamaha uliotangazwa Aprili 2015 waliingia katika pengo hilo hilo: tangazo lilikuwepo, sheria yake haikuwepo.

Msimamo wangu, kwa kuwa mzee aliniuliza na si haki nimalize nikiwa katikati: ndiyo, operesheni isimame, lakini kwa eneo dogo linalojulikana, kwa siku zinazotosha mtu kutembea na habari kufika, na baada ya mlango kujengwa, si kabla. Kujenga mlango ni sheria ya Bunge inayomfunga hata mkuu wa mashtaka, na mahali pa kupokea watu ambapo hapasimamiwi na wale wale waliokuwa wanawapiga risasi jana. Mlima Elgon wenyewe, miaka baadaye, bunduki zilipokelewa na watu wa kanisa wakati wazee wa Kibukusu, Kisabaot na Kiteso walikuwa wanaelekea makubaliano ya Mabanga ya 2011, kwa sababu mtu alikuwa tayari kumpa pasta kitu ambacho hangempa askari. Jina la kila anayeingia liandikwe, na nakala ibaki na familia yake. Hilo la nakala naliweka juu ya mengine yote, na nyinyi mnajua ni kwa ajili ya kina nani.

Wale waliochinja na kubaka? Msamaha wa jumla kwao mimi naupinga. Uganda yenyewe ilimnyima kamanda mmoja wa LRA, Thomas Kwoyelo, cheti hicho, na mwaka wa 2024 akafungwa miaka 40. Najua mtu atasema hapo nimefunga mlango kwa makamanda, kwa hivyo watapigana hadi mwisho na kuwazuia vijana kutoka. Ni kweli, na sina jibu zuri kwa hilo zaidi ya kusema kwamba vijana ndio wengi.

Uzi ujao ni wa askari wa akiba, kwa sababu nusu ya huu mjadala ni wao. Aliyekuwa mlimani 2008 na anaona nimekosea mahali aniandikie, hata kwa siri ni sawa, nitasoma usiku nikitoka klasi.